Kuiondolea injini ya chombo maji ya chumvi

Chombo chetu husafiri kati ya Nyamisati, kwenye delta ya Rufiji, na Kilindoni kisiwani Mafia, na injini yake ni ya dizeli ya silinda nne iliyotoka kwenye lori, ikavuliwa rejeta na feni, kisha ikafungiwa pampu ya kuvuta maji ya bahari moja kwa moja hadi ndani ya bloku. Mpango huo ni rahisi, ila ubaya wake hauonekani mpaka silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha silinda, ifunguliwe. Tulipoifungua yetu, baada ya kuchemsha kwa mara ya tatu, njia za maji zilikuwa zimezibwa na kutu na gome la chumvi, na baadhi yake hazikupitisha hata penseli.

Maji ya bahari hubeba takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita, na yakipata joto la zaidi ya nyuzi 60 hivi huanza kuacha gome kwa wingi, ilhali dizeli ya lori imeundwa kufanya kazi kwenye nyuzi 80 hadi 90. Fundi wetu wa kwanza alikuwa ameitoa thamostati, yaani vali inayozuia maji mpaka injini ipate joto, na kuitupa, akiamini kwamba maji yakipita bila kizuizi injini itapoa zaidi. Sikubaliani naye kabisa. Injini isiyopata joto lake haichomi mafuta sawasawa na silinda zake huisha mapema. Tena katika injini zenye njia ya mchepuko, thamostati isipokuwepo sehemu ya maji ya moto huzunguka na kurudi humo humo bila kupozwa.

Tungeweza kuweka kibadilisha joto, yaani kifaa ambamo maji ya bahari hupoza maji ya injini bila kuchanganyika nayo, lakini hicho bado huhitaji maji ya bahari yaingie chomboni, na maji ya delta ya Rufiji yamejaa matope yanayoitafuna impela ya mpira, gurudumu linalosukuma maji ndani ya pampu. Tulichagua mabomba ya shaba yaliyolazwa nje, chini ya chombo, kwenye pembe ya mkuku na mbao, ili chombo kikikalia mchanga maji yakipwa, mabomba yasipondeke. Ndani yake huzunguka maji yasiyo na chumvi yaliyochanganywa na dawa ya kuzuia kutu, nayo bahari huyapoza kwa nje, na tangi lake tuliliweka juu kuliko sehemu nyingine yoyote ili hewa ipate pa kutokea. Kofia yake ya shinikizo la baa 0.9 husogeza kiwango cha kuchemka hadi nyuzi 118 hivi.

Kazi kubwa ilikuwa pale nisipopatazamia. Kwanza, shaba ikigusana na misumari ya chuma ndani ya maji ya chumvi, chuma ndicho kinacholika, kwa hiyo kila kishikio tulikitenga kwa mpira. Pili, zamani maji yaliyotoka kwenye injini yalimwagwa ndani ya ekzosi na kuupoza moshi. Sasa hayapo, na ekzosi ya mpira ingeungua safari ya kwanza. Tulilazimika kusimamisha bomba la chuma na kulizungushia kitambaa kisichoshika moto. Nahodha alitaka pia mabomba ya chini yapakwe rangi nzito kama mbao, nikakataa, kwa kuwa rangi huzuia joto kutoka.

Mshale wa kipimo cha joto sasa hukaa kwenye 82. Tabia moja tu ya zamani imebidi tuiache: hatuwashi tena injini chombo kikiwa bado mchangani kikingoja maji kujaa, bali nahodha husubiri mpaka mabomba yazame yote.