Bibi wa Pyrgi na Sinia Lake

Meli ya usiku kutoka Piraeus, bandari ya Athens, sina hamu ya kuisimulia. Kiti kigumu, kipupwe kimekazwa utadhani tuko bucha, na kahawa ya kikombe cha karatasi ikanitoa euro 4.

Basi lilinishusha Pyrgi, kusini mwa kisiwa cha Chios, Ugiriki, saa nane mchana mwishoni mwa Agosti, wakati kijiji kizima kimelala. Maduka yamefungwa, mikahawa imefungwa, hata mbwa hana habari na mgeni. Nikazunguka vichochoroni na begi langu, nikitazama kuta zilizonakshiwa pembetatu na miraba, rangi ya kijivu na nyeupe, na mafungu ya nyanya ndogondogo yaliyoning'inizwa kwenye roshani. Uzuri haukati kiu. Nilitaka maji.

Kizingitini mwa nyumba moja alikaa bibi, sinia mapajani. Alinitazama, akaingia ndani, akatoka na maji, tini na kisu. Maji na tini nilivielewa. Kisu kumbe kilikuwa cha kazi: akanisogezea mastiha, utomvu wa mti uliokauka, niukwangue uchafu. Wengi husubiri baridi ndipo wakwangue; huyu hakuwa na subira hiyo.

Jirani yake, mzee aliyekuwa baharia, akaja na Kiingereza chake cha melini kunieleza. Chini ya mti hufagiliwa, kisha humwagwa unga mweupe wa chokaa. Mnamo Julai shina huanza kutiwa chale, utomvu ukadondokea kwenye ule unga, ukaachwa wiki mbili tatu ukauke. Mti wenyewe humea sehemu nyingi za Mediterania, ila mastiha ya kuuzwa hutoka vijiji hivi.

Aliposikia natoka Mombasa, akaruka: "Kilindini!" Nikadhani atanikumbatia. La, alikuwa na deni. Ujanani aliuziwa pale tembo wa mpingo, akamwosha, rangi ya viatu ikabaki kwenye taulo. Je, namjua muuzaji? Nikamwambia bandarini hapa Chios nimetozwa euro 80 kwa chumba kisicho na feni, mwezi Agosti. Akafikiri kidogo, akasema basi tumelipana.

Kilichoniuma ni kingine. Wakulima wa huku wana chama chao tangu 1938, na mastiha wanaitia kwenye pipi, mikate, pombe, hata dawa ya meno. Sisi tulikuwa na sandarusi, nayo utomvu wa mti, ulioganda ardhini. Karne ya 19 ilichimbwa Mrima, pwani ya bara inayoelekeana na Unguja, ikapitia Unguja mpaka Salem, Marekani, kutengenezewa vanishi. Leo nikimtajia mpwa wangu sandarusi, atadhani ni jina la mchezaji mpya wa Simba.

Nilitaka kumweleza bibi haya yote kupitia mzee, lakini yeye alikuwa anakagua sinia langu. Zaidi ya nusu alinirudishia, akaninolea na kisu.