Siku ya harusi yangu nilijipamba uso kwa mkono wangu

Nilipomwambia mama kwamba siku ya harusi yangu nitajipamba uso mwenyewe, aliuweka chini ungo wa mchele aliokuwa akiupepeta, akanitazama kwa muda, kisha akasema, “Mwanangu, biharusi hajipambi, hupambwa.” Sikuwa na la kumjibu, kwa sababu maneno yake ni ya kweli. Kwetu Wete, kama ilivyo kwengineko Pemba na Unguja, biharusi ni mtu wa kukaa kitako akashughulikiwa: somo yake, yaani mwanamke anayemfunda, humsinga mwili kwa manukato, mchora hina humchora mikono na miguu, mashangazi humvisha, na kazi yake yeye ni kutulia. Mkono wake mwenyewe ukiingia katika shughuli hiyo, wapo watakaodhani kwamba hana watu.

Hata hivyo nilikuwa na sababu yangu, nayo ilitokana na harusi ya ndugu yangu, mtoto wa mama mdogo, iliyotangulia yangu kwa mwaka mmoja. Ndugu yangu ni mweusi wa kung'ara, na uzuri wake umo katika weusi huo. Mpambaji aliyeletwa siku ile alikuwa na maharusi wengine wawili wa kuwahi, akampaka fandesheni, ile rangi ya kusawazisha ngozi ya uso, aliyokuwa nayo mkobani, nyeupe kuliko ngozi yake kwa daraja mbili au tatu, na juu yake akaongeza poda nyingi. Chumbani, kwa taa hafifu, hatukuona kitu. Picha zilipotoka, uso ulikuwa na rangi ya jivu, shingo na masikio yamebaki na rangi yake, na mpaka baina ya viwili hivyo ulionekana chini ya kidevu kama mstari uliopigwa kwa rula. Bibi alipoletewa albamu aliuliza, “Na huyu ni nani?” Ndugu yangu aliifunga albamu ile, na mpaka leo wageni wakija haitoi.

Mimi ni mwalimu wa skuli ya msingi, na kabla ya Oktoba 2024 sikuwahi kushika brashi ya mapambo. Nilichokijua ni wanja wa kila siku na mafuta ya nazi. Harusi yangu ilipangwa Januari 2025, katika mwezi wa Rajabu, wakati ambapo kaskazi imeshika na joto la mchana hupita nyuzi 30. Nilikuwa na wiki 12. Kila Jumamosi baada ya sala ya Alasiri nilikaa mbele ya dirisha lilelile, kwa kioo kilekile, nikajipaka, kisha nikaandika katika daftari nilichotumia, kipi kilitangulia na kipi kilifuata, na uso ulikuwaje baada ya muda wa saa tatu. Nalisisitiza daftari hilo kwa sababu anayeanza kujifunza hubadilisha vitu vingi kwa mara moja, na uso ukiharibika hajui ni kipi kilichouharibu. Mimi nilijiwekea sharti la kubadilisha kitu kimoja tu kwa kila Jumamosi.

Mwezi wa kwanza sikugusa macho wala midomo, bali nilishughulika na rangi ya ngozi peke yake, kwani hapo ndipo harusi ya ndugu yangu ilipoharibikia. Nilijifunza kwamba fandesheni haijaribiwi mgongoni mwa mkono, kama wanavyofanya wauzaji wengi, maana mkono umepigwa na jua lake na uso umepigwa na jua lake. Hujaribiwa tayani, ikashushwa kidogo kuelekea shingoni, kisha mtu akatoka nje ya duka akajitazama kwa mwanga wa mchana. Hata hapo asinunue mara moja, bali asubiri kama robo saa, kwa kuwa baadhi ya fandesheni hukoza zikishakutana na hewa na mafuta ya ngozi. Inayofaa ni ile inayopotea, yaani ile ambayo ukiitafuta tayani huoni ilipoanzia. Liko na jambo jengine linalosahauliwa sana: ngozi mbili zenye weusi uleule zinaweza kutofautiana kwa ndani, moja ikaelekea manjano na nyengine ikaelekea wekundu, na fandesheni isiyoafikiana na asili hiyo humfanya mtu aonekane mgonjwa hata kama weusi umelingana. Ngozi yangu huelekea manjano. Katika maduka ya Wete na ya Chake Chake sikupata chupa moja iliyonifaa, basi nilinunua mbili za aina moja, iliyokoza na iliyo nyepesi, nikazichanganya juu ya kisahani, matone matatu ya ile iliyokoza kwa tone moja la ile nyepesi, mpaka ikapotea.

Hapa sina budi kusema juu ya mkorogo, kwani mashoga zangu wawili, kwa nia njema kabisa, walinishauri niutumie miezi miwili kabla ya harusi ili nitakate. Krimu zinazochanganywa humo mara nyingi huwa na haidrokwinoni au zebaki, vitu vilivyopigwa marufuku katika vipodozi nchini mwetu, na sababu za marufuku hiyo ni nzito: zebaki hupenya ngozini ikadhuru figo, na haidrokwinoni ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuacha mabaka meusi ambayo ni taabu kuyaondoa. Nilikataa, na ninawasihi wadogo zangu nao wakatae, kwa sababu ngozi tunayoipamba kwa usiku mmoja ndiyo tutakayokaa nayo umri wetu wote.

Baada ya rangi nilikabiliana na jasho. Nilidhani kwamba uso unaotoka jasho unahitaji vitu vingi ili vishike, lakini daftari langu lilinionyesha kinyume chake, kwani kila nilipozidisha ndivyo uso ulivyopasuka upesi pembeni mwa pua na chini ya macho. Njia iliyonifaa ni kulowesha sponji, kuikamua mpaka isidondoke hata tone moja, kisha kuibonyezabonyeza usoni bila ya kuiburura, kwa tabaka jembamba, na kuziacha tupu sehemu ambazo ngozi yenyewe ni nzuri. Konsila, rangi nzito ya kufichia madoa, niliipaka juu ya makovu mawili ya chunusi tu. Poda niliiweka kwenye paji la uso, pua na kidevu, na jasho lilipotoka nilianza kulikausha kwa tishu kabla ya kuongeza poda, maana poda ikipakwa juu ya jasho hugeuka tope.

Jumamosi ya nne fandesheni yangu ilijikunja usoni ikawa vijinyuzi vidogo, kama vile vinavyobaki juu ya karatasi baada ya kufuta kwa raba. Nilifadhaika sana, nikanawa, nikapaka tena, ikajikunja tena. Baadaye nilikuja kufahamu kwamba praima, krimu ya kutayarisha ngozi niliyotangulia kuipaka, ilikuwa ya silikoni na fandesheni yenyewe ilikuwa ya maji, na viwili hivyo havishikani. Kila kimoja kilikuwa kizuri peke yake. Tangu hapo nilikuwa nikisoma orodha ya viungo nyuma ya kila chupa, na baina ya kitu na kitu nikisubiri dakika tano.

Ili kujua kama mapambo yatastahamili, kukaa mbele ya feni hakutoshi. Kila Jumamosi, nikishamaliza kujipaka, niliingia jikoni nikasukuma na kuchoma chapati kumi kwenye jiko la mkaa, kisha nikarudi dirishani kujitazama. Uso uliotoka salama mbele ya mkaa sikuuhofia katika ukumbi uliojaa watu. Mama alikuwa akiniona nikigeuza chapati hali ya kuwa nimepambika kama wa kwenda harusini, na mwanzoni hakusema neno, lakini Jumamosi ya saba alinishika kidevu, akanigeuzia mlangoni penye mwanga, akasema, “Leo haikuvuja.”

Kwa upande wa picha, mdogo wangu alinisaidia. Usiku tulizima taa, akanipiga picha kwa simu yenye mwako wa flashi, na hapo nilijua siri ya rangi ya jivu niliyoiona kwa ndugu yangu, kwani si fandesheni peke yake iliyokuwa na makosa. Poda yangu ya kwanza, ambayo kwa macho haikuwa na rangi yoyote, ilitoka pichani nyeupe kama chokaa chini ya macho, kwa sababu ilikuwa na silika nyingi, yaani unga laini wa madini, na silika huurudisha mwako wa kamera. Mafuta ya kukinga jua yenye zinki oksaidi au titani dioksaidi nayo hufanya hivyo hivyo. Mafuta hayo ni mazuri kwa mchana, na mimi nayatumia nikienda kazini, lakini kwa harusi ya usiku hayana kazi. Niliibadilisha poda ile kwa yenye rangi ya manjano inayokaribiana na yangu, na picha zikatulia.

Macho niliyapa muda mdogo zaidi. Nyusi nilizijaza kwa mistari midogo inayofuata unywele, wala sikuzinyoa. Wanja nilinunua wa kalamu wenye maelezo kamili ya viungo, kwani baadhi ya wanja wa unga unaouzwa bila ya maelezo hutokana na jiwe la galena, ambalo ni madini ya risasi, na risasi ni sumu. Kope za bandia niliziacha kabisa: gundi yake iliniwasha siku ya majaribio, na isitoshe huyazuia maji ya udhu. Midomo niliipaka rangi ya kahawia yenye wekundu, ili iende sambamba na hina.

Na hina yenyewe, pamoja na mengine yote, niliwaachia wenyewe. Hayo ndiyo mapatano niliyofikia na mama: uso ni wangu, mwili ni wao. Somo yangu alinisinga siku saba kwa singo aliyoitwanga mwenyewe, yenye liwa, waridi, asumini, mrehani na karafuu, na nilichomwomba ni kwamba siku tatu za mwisho asiipitishe usoni, kwa sababu karafuu ina ukali na sikutaka uso unaochonyota uguswe na fandesheni. Hina nilichorwa siku mbili kabla, kwa kuwa rangi yake huendelea kukoza kwa siku moja au mbili baada ya kubanduliwa. Piko, ile rangi nyeusi ya kujichora, niliikataa. Nilishaona mkono wa mwanafunzi wangu mmoja uliovimba na kutoka malengelenge pale pale palipopita ua la piko baada ya Sikukuu, na ndani yake mara nyingi hutiwa rangi kali ya nywele isiyokusudiwa kupakwa ngozini.

Jambo ambalo sikuliona likielezwa popote nilipotafuta mafunzo ni namna ya kupanga mapambo na sala, ilhali kwetu ndilo la mwanzo kufikiriwa. Fandesheni na wanja usiopitisha maji huzuia maji yasifike ngozini, na kwa hivyo mwenye kujipamba bila ya udhu atalazimika kuosha kila kitu ikimjia sala. Nilipanga hivi: nilitawadha, nikasali Alasiri, nikaanza kujipaka saa 10 na robo, nikamaliza saa 11 na nusu, kisha nikaulinda udhu wangu kwa Magharibi na Isha, kwani kutolewa mbele ya wageni ukumbini kulikuwa saa 2 na nusu usiku. Mchana wote nilikula kidogo, vyakula vyepesi ambavyo tumbo langu limevizoea. Juu ya mswala nilitandika kitambaa cheupe cha pamba, nikasujudu juu yake taratibu.

Siku yenyewe umeme ulikatika saa 10 kasoro. Pemba tumeunganishwa na Tanga kwa waya wa chini ya bahari tangu mwaka 2010, na hali ni bora mno kuliko ya utotoni mwangu, lakini kukatika bado kupo, na lau ningejizoeza kwa taa ya kioo ningekuwa mashakani. Dirisha langu lilikuwa pale pale na jua lilikuwa pale pale. Mama aliingia, akafunga mlango ili watoto wasije, akakaa juu ya kitanda nilichotandikiwa kanga za kisutu, akanishikia kioo. Hatukuzungumza. Nilichanganya matone yangu juu ya kisahani, nikakamua sponji, nikaanza katikati ya uso nikielekea pembeni, kama Jumamosi zote. Nilipofika tayani na kuiweka chini sponji, mama alikisogeza kioo, akainama kunitazama kwa upande wa dirisha.

“Shingo usiisahau,” akasema. “Na nyuma ya masikio.”

Niliishusha rangi mpaka chini ya shingo na nyuma ya masikio, akaniangalia upande mmoja, akanigeuza upande wa pili, akatikisa kichwa kukubali. Usiku, nilipoinuka kutoka sijda ya mwisho ya Isha, kitambaa cheupe kilikuwa na doa dogo la rangi ya paji langu. Nilibonyeza poda mara mbili mahali hapo, nikavaa viatu, na mama akafungua mlango.