Nilivyoacha kujaza kadi, nikaanza kununua taarab

Mama alinipigia simu kutoka Wete, Pemba, siku tatu baada ya mimi kurudi Unguja. Hakuuliza nimefikaje. Alisema, "Mwanangu, hii nyimbo uliyonitilia imekatwa ubeti wa mwisho. Na katikati kuna mtu anapiga kelele, simjui nani."

Nilikuwa nimempelekea kiredio kidogo cha kuchomeka kadi ya kumbukumbu, na ndani yake nyimbo 312. Nilijaziwa kwenye kibanda kimoja Darajani kwa shilingi 3,000 na nikaondoka nimefurahi, kwa sababu mama haoni vizuri tena. Televisheni kwake ni sauti tu, msahafu anasomewa na wajukuu, na kilichobaki cha kumliwaza jioni ni taarab. Zamani alikuwa na kanda, maboksi mawili, nyingi alizirekodi mwenyewe kutoka Sauti ya Tanzania Zanzibar akiwa ameiegesha redio dirishani ili ishike vizuri. Sisi watoto kazi yetu ilikuwa kuzungusha kanda kwa kalamu ya wino kila redio ilipoitafuna. Joto na hewa ya chumvi zikazimaliza moja moja. Ya mwisho ilikatika mwaka ambao mdogo wangu alioa.

Basi nilipoambiwa kuna mtu anapiga kelele, nilikaa na kompyuta nikazisikiliza zile 312 kwa vipande. Kelele ilikuwa tangazo la tovuti waliyozipakua: kila baada ya dakika mbili sauti ya kijana inaitaja, juu ya fidla, juu ya mwimbaji, popote ilipoangukia. Nyimbo nyingi hazikuwa na jina ila "Track 07" na "Taarab kali mpya". Wimbo mmoja ulikuwemo mara tatu kwa majina matatu. Mwingine uliandikwa Bi Kidude, yule mwimbaji wetu mashuhuri, na mama alishaniambia kwenye simu, "Huyu si Kidude, Kidude haanzi hivi," na alikuwa kweli.

Kibaya zaidi kilikuwa sauti yenyewe. Taarab zetu ni ndefu. Bashrafu, ule upigaji wa ala wa kufungulia, peke yake inaweza kula dakika kadhaa kabla mwimbaji hajafungua mdomo. Ili nyimbo 312 za namna hiyo zienee kwenye kadi ndogo, zilibanwa hadi kilobiti 64 kwa sekunde, na nyingine chini ya hapo. Wimbo ukibanwa hivyo, kinachotupwa mwanzo ni zile sauti nyembamba za juu, na kanuni, ile ala ya taarab yenye nyuzi zaidi ya 70, inaishi hukohuko juu. Iliyokuwa ikitoka kwenye kile kiredio ilikuwa kama mchele unaomwagwa kwenye sinia. Mtu ambaye hajasikia kanuni kwa karibu hawezi kujua amekosa nini. Mama anajua.

Sikuwaza kununua bado. Niliwaza kutafuta za bure zilizo bora zaidi, nikatumia wiki mbili na bando nyingi kuzipekua. Kilichonigeuza ni harusi.

Ilikuwa harusi ya jirani hapa Unguja, kikundi kimealikwa, na ukafika ule wimbo wenye fumbo ambao kila mwanamke ukumbini anamjua anayesemwa. Wakaanza kuinuka. Mmoja baada ya mwingine, wanatembea kwa mwendo wa ngoma, noti mkononi, wanamtunza mwimbaji, wanarudi kukaa. Bi mmoja alitunza mara nne. Na mimi nilitoka nikatunza shilingi 5,000, maana wimbo ulinigusa. Nilipokaa ndipo nikatambua: wimbo huu ninao. Ni namba 40 na kitu kwenye ile kadi. Nimeupata kwa pesa isiyofika shilingi 10, na hiyo shilingi haikwenda kwake hata senti.

Walipokuwa wakifunga vyombo nilimfuata mpigaji fidla, mtu mzima, nikamsalimia shikamoo Maalim, nikamwambia ukweli wangu wote, pamoja na bei ya kadi. Hakukasirika. Aliipangusa fidla yake, akaiweka kwenye sanduku, akasema: "Nyimbo hii iko kwenye kila simu ya kisiwa hiki. Miaka ya kanda tulikuwa tukipata cha kununulia nyuzi. Sasa tunasubiri harusi tu, na Ramadhani hakuna harusi." Kisha akafungua mfuko wake akanitolea CD, akaniuliza kama ninayo mashine ya kuichezea. Nilinunua kwa shilingi 10,000. Mashine sikuwa nayo.

Tangu usiku ule nimekuwa nikisema jambo moja kwa kila atakayenisikiliza. Sisi watu wa taarab hatuhitaji mgeni aje kutufundisha kwamba wimbo una mwenyewe. Tunajua. Tunainuka vitini mbele ya watu wote kulipa. Tatizo ni kwamba mwimbaji akiwa hayupo mbele yetu, mkono unasahau njia.

Nikajiwekea kazi: nyimbo za mama, zile anazozitaka yeye hasa, nizipate kwa kununua. Nilimpigia akanitajia, na mdogo wangu akawa anaandika. Hazikuwa 312. Zilikuwa 43.

Kwanza nilipaswa kujua nini kinauzwa. Hapa nilishangaa, kwa kuwa muziki huu umekuwa ukiuzwa karibu karne nzima. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alipelekwa Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na santuri zile zilinunuliwa pwani nzima. Upande mmoja wa santuri ulichukua kama dakika tatu, kwa hiyo nyimbo zilipaswa kufupishwa ziingie. Mwishoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya GlobeStyle ya Uingereza iliwarekodi Ikhwani Safaa, kikundi kilichoanzishwa mwaka 1905, pamoja na kikundi kingine cha Zanzibar, Culture Musical Club. Kuanzia 2005 kampuni ya Buda Musique ya Ufaransa ilitoa mfululizo wa albamu uitwao Zanzibara, na juzuu ya kwanza ilikuwa ya miaka 100 ya Ikhwani Safaa. Kwa hiyo albamu zipo. Iliniuma kuona kwamba ni rahisi zaidi kuzipata London na Paris kuliko Chake Chake, na kwamba vijitabu vyake vinaeleza beti zetu kwa Kifaransa na Kiingereza. Lakini zipo, zimerekodiwa kwa mikono ya watu wanaoheshimu ala, na majina ya wapigaji yameandikwa.

Albamu tatu nilizipata hapahapa mjini, kwenye meza za wauzaji wakati wa Sauti za Busara, lile tamasha la Februari pale Ngome Kongwe. Mbili nilipata kwa kwenda mwenyewe kwenye klabu, Vuga, jioni ya mazoezi. Hii ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote. Unakaa, unasikiliza, unauliza wana nini cha kuuza, na fedha unaitia mkononi mwa mtu aliyepiga. Mpigaji mmoja hakuwa na CD hata moja iliyobaki, tukakubaliana nimtumie pesa kwa simu, naye akanipa faili zake kwenye fleshi yangu, safi kabisa, kama zilivyotoka studio.

Zilizobaki nilinunua mtandaoni. Baadhi ya wasanii wa kwetu wamo Bandcamp, soko la muziki la mtandaoni la Marekani lililofunguliwa mwaka 2008. Hukata asilimia 15 kwenye albamu ya kupakua, kinachobaki, ikitolewa ada ya malipo, kinakwenda kwa msanii au kampuni yake. Hapo nilikwama wiki nzima kwa sababu sina kadi ya benki ya kulipia nje. Mpwa wangu akanionesha kwamba kampuni za simu zinatoa kadi ya mtandaoni: unaitia pesa kutoka kwenye simu, unapewa namba ya kadi, unalipa nayo. Mara ya kwanza malipo yalikataliwa. Nilikuwa nimetia pesa sawasawa na bei, na ubadilishaji wa dola ukanipunguzia. Mara ya pili niliongeza shilingi 2,000 juu, ikapita. Kwa anayetaka kujaribu: tia ziada kidogo, na ukishanunua pakua faili za FLAC, zile zisizopunguza sauti, siku hiyohiyo ukiwa mahali penye intaneti nzuri, maana ni nzito. Mimi nilizipakua usiku kwa bando la usiku.

Za kwenye CD zilihitaji mashine ya kusomea ya kuchomeka kwenye kompyuta. Niliazima kwa rafiki anayefanya kazi ya stesheneri. Kuzihamisha ni kazi ya dakika chache kila moja. Nikaandika kila wimbo kwa jina lake, mwimbaji, mtunzi wa maneno kama ametajwa. Kiredio cha mama hakisomi FLAC, kwa hiyo nikamtengenezea nakala za MP3 za kilobiti 320.

Wapo walioniambia, mbona usimwekee YouTube tu? Sioni vibaya kusikiliza YouTube, na mimi husikiliza. Lakini fanya hesabu. Wimbo wa dakika 15, hata kwa sauti ya wastani tu ya kilobiti 128, ni kama MB 14. Mama wimbo mmoja huusikiliza mara 20 kwa mwezi bila kuchoka. Hizo ni karibu MB 290 kwa wimbo mmoja, bila picha, na kule Wete mtandao unakuja na kuondoka. Ukinunua, umelipa mara moja na hakuna bando linalokwisha katikati ya kiitikio.

Kwa mwaka mzima nilitumia shilingi 171,000 kwa albamu tisa. Si pesa ndogo kwangu, na nililipa kwa vipande, mwezi huu moja, mwezi mwingine hakuna. Kwa albamu hizo nimepata nyimbo 31 kati ya 43.

Hizo 12 zilizobaki ndizo zilizonifanya nisiwe mkali sana kwa wanaopakua bure. Hazikutolewa kwenye albamu yoyote niliyoiona. Zilipigwa redioni, au ukumbini usiku mmoja, mtu akarekodi kwa kanda, akamnakilia mwenzake, kanda ikazaa kanda. Chake Chake nilimpata mzee mmoja mwenye nyimbo sita kati ya hizo, sauti inakwaruza kidogo lakini beti zote zimetimia. Ami yule hakutaka pesa. Alitaka nami nimpe nilichonacho ambacho yeye hana. Siwezi kumwita mwizi mtu aliyeyahifadhi maneno ambayo vinginevyo yangekuwa yamekufa. Wasiwasi wangu ni kwa anayeuchukua wimbo unaouzwa leo, na mwenyewe yu hai anasubiri harusi, akaujaza kwenye kadi za watu kwa shilingi 3,000. Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar ni ya mwaka 2003, na COSOZA, ofisi yetu ya hakimiliki, ipo kwa ajili hiyo. Bara wana yao, sisi tuna yetu. Kibanda nilichojaziwa mimi hakiko mbali na mjini kati, na sikuwahi kuona mtu akikiuliza kitu.

Kwa zile sita za ami, nilifuatilia waimbaji. Wengi wametangulia mbele ya haki. Bibi mmoja yupo hai, anaishi kwa wajukuu wake, na nilikwenda kumtunza kitini kwake, shilingi 10,000. Alinishika mkono akauimba ubeti wa kwanza taratibu, sauti imebaki nyuzi moja tu. Kisha akasahau, akacheka, akaanza upya.

Nilikwenda Wete na kadi mpya mwezi wa Rajabu. Boti hadi Mkoani, gari hadi Chake, gari nyingine hadi Wete, nimeitia kadi ndani ya pochi kama hirizi. Jioni baada ya Isha tulikaa barazani. Nikaanza na ile CD ya Maalim wa fidla. Bashrafu ikafunguka, kanuni ikaingia ikiwa kanuni, na mama akanyamaza kimya kabisa. Ubeti wa mwisho ulipofika aliutangulia mwimbaji kwa neno moja, kisha akamwachia amalize.

"Anayepiga fidla nani?" akauliza.

Nikamtajia jina, kama lilivyoandikwa kwenye karatasi ya CD.

"Yu hai?"

"Yu hai. Ninamjua."

Akafungua pindo la kanga yake, akapapasa, akatoa noti ya elfu tano iliyokunjwa mara nne. Akanitilia mkononi, akanifunga vidole.

"Mtunzie. Mwambie ya Wete."

Nilimpelekea wiki iliyofuata, jioni ya mazoezi, ikiwa bado imekunjwa vilevile.