Stairofomu kwenye paa la zege: juu ya slabu, siyo chini

Wenye nyumba za paa la zege Dodoma wanalalamikia jambo moja: Oktoba na Novemba, saa mbili usiku nje kumeshapoa lakini chumbani hakukaliki. Slabu imepigwa na jua mchana kutwa, na giza likiingia ndipo inashusha joto lake ndani. Wengi hukimbilia kulaza stairofomu, yale mabao meupe mepesi ya povu la plastiki, juu ya dari ya jipsamu. Inasaidia, ila slabu yenyewe inaendelea kuungua, inatanuka na kusinyaa kila siku, na nyufa zinafuata. Stairofomu ikikaa juu, slabu inabaki kivulini. Usiku fungua madirisha. Ubaridi unaoingia unatunzwa na zege hadi mchana.

Unene wa mm 50 unatosha. Kwa kuzuia joto, huo ni kama karibu mita mbili za zege la kawaida.

Dukani nenda na mizani. Bao la mita 1.2 kwa 2.4, unene mm 50, la kilo 20 kwa mita ya ujazo, lazima lifike kilo 2.9 hivi. Likisoma kilo moja na nusu, achana nalo: hilo ni la kufungashia televisheni, fundi akilikanyaga kisigino kinazama. Paa la mita za mraba 100 linakula mabao 35; nunua 37, kuna ya kukata.

Mteremko wa maji wa 1:80, yaani sm 1 kwa kila sm 80, utengenezwe kwenye slabu yenyewe wakati wa kumwaga. Ikishakauka, ifagie, panga mabao kwa kupishanisha viungo kama tofali, na mianya izibe kwa vipande vya stairofomu, siyo udongo wa saruji. Gundi yenye thina usiilete hapo, inaila. Juu tandika nailoni nene ya geji 1000, ipishane sm 15, kisha BRC (wavu wa nondo nyembamba) iliyokalia biskuti, yaani vipande vidogo vya zege vya kuuinua, halafu zege la kokoto ndogo, mm 50. Kizuia maji kinakuja juu ya zege hilo. Anayebandika lami kwa moto wa gesi moja kwa moja kwenye stairofomu atabaki na mashimo. Stairofomu huanza kulegea kwenye nyuzi joto 80 hadi 100.

Kosa ninaloliona kubwa kuliko yote ni kumwaga zege la juu hadi ligusane na parapeti, ule ukuta mfupi unaozunguka ukingo wa paa. Jua likiwaka linatanuka, linasukuma ukuta, na ufa wa mlalo unatokea chini ya parapeti; watu wanalaumu msingi bure. Acha mwanya wa mm 20 kuzunguka pande zote, ujaze stairofomu laini, na kata viungo kwenye zege hilo kila mita 3.

Zege hilo la juu lina kilo 120 kwa mita ya mraba, yaani tani 12 kwa paa letu la mita za mraba 100. Injinia alijue kabla ya kupiga hesabu ya nondo. Nyumba imeshajengwa? Muulize kwanza. Akikataa, rudi kwenye dari, na usiiache stairofomu wazi: inashika moto haraka na moshi wake ni mbaya.

Upepo wa Dodoma haupuuzwi. Tandaza mabao utakayoweza kuyafunika siku hiyo hiyo. Yakiachwa juani kwa wiki kadhaa yanageuka njano na kutoa vumbi. Nyaya za umeme zipite ndani ya mabomba, kwa sababu stairofomu ikigusana na ganda la waya kwa muda mrefu, ganda linakakamaa na kupasuka. Na ukiitumia ukutani, ianzie sm 20 juu ya ardhi. Mchwa hawaili, lakini wanaitoboa njia hadi kwenye mbao za kenchi.