Kabla ya glovu, funga mkono

Mwanamke anayeanza ngumi huumia kifundo cha mkono kabla hajarushiwa konde hata moja. Anafika mazoezini, anavalishwa glovu za mtu mwingine zinazomcheza, anaambiwa apige begi. Siku ya tatu hawezi kukamua tui.

Kwa hiyo, dada yangu, pesa ya kwanza iende kwenye bendeji, ule utepe mrefu wa kufungia mkono kabla ya glovu. Chukua za mita 4.5. Zile fupi za mita 2.5 utaambiwa zinakutosha kwa kuwa mkono wako mdogo. Usikubali: zinaishia vidoleni na kifundo kinabaki wazi. Mkono mdogo ndio unaotaka mizunguko mingi, ili ujae ndani ya glovu. Ukizikosa, chana kanga kuukuu ya pamba, upana sentimita 5. Kanga ina urefu wa kama mita 1.5, basi vipande vitatu ni mkono mmoja. Viunge kwa mshono bapa, maana nundu ya mshono ikikalia vifundo vya vidole itachubua ngozi.

Panua vidole muda wote unapofunga. Kitanzi kiingie dole gumba, bendeji ipite mgongo wa kiganja, izunguke kifundo cha mkono mara tatu. Panda kwenye vifundo vya vidole mara tatu, kisha pita katikati ya kidole na kidole, kila mara ukirudi chini kwenye kifundo cha mkono. Dole gumba mzunguko mmoja, malizia ulipoanzia. Sasa kunja ngumi. Ikikaza unapokunja tu, iko sawa. Vidole vikifa ganzi, fungua uanze upya.

Glovu za begi ni wakia 12 au 14, na uzijaribu ukiwa umefunga bendeji. Konde litue kwa vifundo viwili vya mbele, cha shahada na cha kati. Likitua upande wa kidole cha mwisho mkono unakunjika, na chanzo huwa kiwiko kilichotanuka nje. Nguvu itoke mguuni: kisigino cha nyuma kigeuke pamoja na nyonga.

Sisi wa Mtwara begi la kupiga tunalipata kirahisi kuliko mikoa mingi, kwa sababu magunia ya korosho yapo. Chukua mawili, tia moja ndani ya jingine, ujaze nguo chakavu za mitumba zilizotolewa vifungo na zipu, hadi kilo 25 au 30. Usitie mchanga! Unashuka chini, unashikana, na baada ya wiki unapiga jiwe. Hata nguo hushuka, hivyo lifungue kila baada ya wiki mbili ulipange upya.

Anza na siku tatu kwa wiki: kuruka kamba raundi 3, kivuli (kupiga ngumi hewani) raundi 3, begi raundi 3, kila moja dakika 2 na pumziko la dakika 1. Dakika 2 ndizo walizopigana wanawake London mwaka 2012, ngumi zao zilipoingia Olimpiki kwa mara ya kwanza. Kupigana na mwenzako kusubiri miezi mitatu, ukiwa na kinga ya meno na kofia ya ngumi. Mwalimu akikuharakisha, mkatalie kwa heshima, lakini mkatalie. Ukipigwa kichwani ukaona kizunguzungu, mazoezi yameisha siku hiyo, hata kama unajisikia vizuri baadaye.

Hijabu si kikwazo. Tangu 2019 kanuni za kimataifa za ngumi za ridhaa zinairuhusu. Ishone kwa kitambaa cha kunyumbuka, bila pini hata moja.

Joto la Mtwara lina unyevu, jasho halikauki mwilini. Fanya saa 12 asubuhi au saa 11 jioni. Jipime uzito kabla na baada: kilo moja iliyopungua ni lita moja ya maji ya kurudisha. Ukikimbia ufukweni Shangani, ngoja maji yapwe upate mchanga mgumu, na urudi kwa njia ile ile, kwani ufuko umeinama na mguu mmoja hubeba zaidi.

Ukimaliza, fua bendeji. Glovu zipanue, zijaze magazeti, zining'inize kivulini penye upepo. Ukizifungia kwenye mfuko, kesho yake zitanuka na ndani ya mwezi bitana itaanza kuoza.