Tulivyowafikisha wazee wa Vita vya Kagera kwenye mkutano mkuu wa wanajeshi wastaafu Dodoma

Kijana aliyevuka Mto Kagera mwanzoni mwa 1979 akiwa na miaka 22 sasa anakaribia 70, na huyo ndiye mdogo wao. Wengi wa wazee wa tawi letu hapa Muleba wameshapita 75. Kwa hiyo barua ya mkutano mkuu wa taifa ilipotufikia, ikitutaka tupeleke wajumbe wawili Dodoma, mimi sikuridhika na wawili. Mjumbe anakwenda kupiga kura na kurudi. Wazee hawa hawajaonana na wenzao wa kikosi tangu walipotawanywa kurudi makwao, na kila mwaka tunazika. Nikamwambia mwenyekiti tuombe nafasi za wajumbe na za wageni waalikwa, tuondoke na kila mzee ambaye daktari atamruhusu. Makao makuu walikubali, kwa sharti kwamba gharama za wageni tujibebee wenyewe.

Mimi ni katibu wa tawi. Jeshini nilikuwa muuguzi, nikastaafu na cheo cha sajinitaji, na wazee mpaka leo wananiita Sista. Vitani sikwenda. Ndege za Idi Amin, mtawala wa Uganda, zilipoangusha mabomu Bukoba Oktoba 1978 nilikuwa mtoto wa shule ya msingi, nikakimbizwa kijijini kwa bibi pamoja na wadogo zangu. Waliotuwezesha kurudi mjini ni hawa ambao leo nawapima presha.

Fedha haikunisumbua sana. Tulipitisha michango msikitini na parokiani, wafanyabiashara wa mjini wakatoa mafuta, mwenye Coaster akatupunguzia. Kilichonitoa jasho ni watoto wa wazee. "Sista, baba haendi popote, akianguka njiani utatuambia nini?" Wana haki ya kuuliza. Nilipita nyumba kwa nyumba, nikakaa na familia, nikawaonyesha ratiba: tutalala wapi, dawa atazishika nani, gari litasimama wapi. Na nikaweka sharti kwamba kila wazee wawili wawe na mjukuu mmoja, kijana mwenye nguvu za kumwinua mtu. Hapo wengi walilegea.

Kundi la pili la kushawishi lilikuwa mgambo wenyewe. Anayejua vita ile anajua jeshi halikwenda peke yake. Mwalimu alipotangaza tarehe 2 Novemba 1978 kwamba sababu ya kumpiga tunayo, nia ya kumpiga tunayo na uwezo wa kumpiga tunao, makumi ya maelfu ya mgambo waliitwa, pamoja na polisi, Magereza na JKT. Vita ilipokwisha askari wa kudumu alirudi kambini, mgambo akarudi kwenye migomba yake. Hana pensheni, wengi hawana hata karatasi. Chama ni cha wanajeshi wastaafu, na mgambo anajiona mgeni humo ndani.

Mzee mmoja wa Kamachumu alinikatalia mlangoni. "Mimi sina nishani, Sista. Wenzangu watavaa vifuani, mimi nitakaa nimevaa nini?" Nikamuuliza alikuwa brigedi gani. Akasimama wima kabla ya kujibu. "Mbili sifuri moja. Kwa Kombe." Nikamwambia anayeweza kutaja brigedi na kamanda wake hivyo hahitaji chuma kifuani, akamwambie mama amnyooshee koti. Mke wake, aliyekuwa anatusikiliza akiwa jikoni, alitoka na lile koti mkononi. Nadhani alikuwa ameshalitoa kabatini siku nyingi.

Sasa niseme habari za dawa, maana hapa ndipo safari za wazee huharibikia na watu hawasemi. Wiki ya maandalizi niliwapeleka zahanati kwa zamu kupimwa presha na sukari. Nikagundua jambo ambalo wauguzi wengine watalitambua haraka: mzee akisikia safari ya basi anaacha kimyakimya kidonge cha kukojoza, kwa sababu hataki aibu ya kuomba gari lisimame. Mwenye moyo dhaifu akifanya hivyo safari nzima, anafika miguu imejaa maji na pumzi fupi. Tukakaa na daktari, akampangia kila mmoja saa yake, wale aliowaruhusu wakawa wanameza jioni tukishafika malazini. Dawa za kila mzee nilizitia kwenye kopo lenye jina lake, na kopo akalishika mjukuu. Wenye kisukari walikuwa na ndizi mbivu na chupa ya uji mkononi, wasisubiri mpaka dereva apate hoteli aipendayo.

Kutoka Muleba tulipita Biharamulo, Nyakanazi, Kahama na Nzega, tukalala Singida. Vijana wangeweza kuipiga safari ile kwa mkupuo mmoja. Sisi tulisimama mara kwa mara, wazee wakashuka, wakatembea kuzunguka gari, wakarudi. Dereva mwanzoni alinuna. Baadaye akawa yeye ndiye anayetangaza, "Makamanda, shukeni mnyooshe miguu!" Kahawa ya kutafuna ilizunguka viti vyote, na vijana walisikia njiani habari ambazo nyumbani hawakuwahi kuambiwa: jinsi Daraja la Kyaka lilivyolipuliwa, jinsi lilivyowekwa daraja la muda, jinsi mvua ilivyogeuza barabara ya kwenda Masaka kuwa tope. Tulipofika Igunga wajukuu walikuwa wametoa zile waya masikioni.

Singida jioni ile niliwakuta wazee uani wakisugua nishani kwa Brasso. Mtu akishapita depo, mafunzo ya mwanzo ya jeshi, hasahau. Kitambaa kidogo, tone moja, mduara mdogo mdogo, halafu anainua kwenye taa kuangalia. Yule wa Kamachumu alikuwa amekaa nao, anasugua ya mwenzake ambaye vidole vinatetemeka.

Dodoma ya Julai ina baridi kavu na upepo unaokata, tofauti kabisa na baridi yetu ya Kagera yenye unyevu. Tulikuwa tumebeba makoti mazito na blanketi, na nawasisitizia wote watakaopeleka wazee wao: msitegemee blanketi za gesti.

Ukumbini viti vilipangwa kwa mikoa. Kwa shughuli za uchaguzi na taarifa ya fedha utaratibu huo ni sawa. Kwa wazee haufai, kwa sababu mkoa haukupigana vita, zilizopigana ni brigedi. Waliolala handaki moja walitoka Mara, Ruvuma, Kigoma na Unguja, na kwa viti vya mikoa wanakaa ukumbi mmoja kutwa nzima bila kujuana. Sura zimebadilika, na masikio hayasaidii. Wale wa mizinga hasa wengi ni viziwi, kipaza sauti kikilia wao wanasikia mvumo tu.

Nilikuwa nimeliwaza hilo tangu nyumbani, nikaja na karatasi za manila na kalamu nene. Nikawaomba waandaaji wanipe muda wa chakula cha mchana na ile miarobaini iliyo nyuma ya ukumbi. Tukawapa wajukuu kazi ya kubandika majina ya vikosi: 201 mti huu, 205 ule, 206, 207, 208, brigedi ya Minziro kwenye ukuta, halafu mizinga, anga, uhandisi, magari na tiba. Namba ziliandikwa kubwa, mzee asiye na miwani azisome akiwa mlangoni. Viti vikahamishwa. MC akatangaza mara moja tu: kila aliyekuwa vitani akale chakula chake chini ya brigedi yake.

Walitoka taratibu na sahani zao, wakisoma. Halafu kelele zikaanza. Sijawahi kusikia wazee wakipiga kelele vile. Watu wakawa wanatajiana namba za jeshi, MT fulani na MT fulani, kwa sababu jina linaweza kusahaulika lakini namba haiondoki. Waliokuwa na kamanda Mayunga upande wa Mbarara wakaanza kubishana ni nani alikuwa wa kwanza kuingia, na waliokuwa 207 wakasimuliana ukali wa kamanda wao Walden, ambaye wenyewe walimwita Black Mamba, mpaka chakula kikapoa.

Mti wa 201 ulikuwa na watu wachache. Haikunishangaza. Brigedi ile ilijaa mgambo, na mgambo ndio hao wasiokuwa wanachama. Mzee wetu wa Kamachumu alikaa na sahani magotini, mikono imetulia. Nikawa najiandaa kwenda kukaa naye, ndipo akaja mzee mrefu mwenye fimbo na nishani mbili, akitokea mti wa 208.

"Wewe ni 201? Lukaya ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

Wanaoijua historia hawahitaji maelezo. Machi 10, 1979, brigedi ya 201 ilikuwa mbele kwenye barabara inayokatiza kinamasi cha Lukaya, ndani ya Uganda, ikapigwa na roketi na vifaru vya Walibya waliokuja kumsaidia Amin, ikasambaratika. Kesho yake alfajiri 208 ikatokea ubavuni, na 201 iliyojikusanya upya ikashambulia kwa mbele, na Walibya wakavunjika. Mwezi mmoja baadaye, Aprili 11, Kampala ilianguka.

"Tulitawanyika," alisema mzee wetu. Alisema akiangalia sahani. "Maji huku, maji huku. Humwoni mwenzako."

Yule wa 208 alivuta kiti, akaketi kwa shida, akaweka fimbo chini. "Kutawanyika kila mtu anatawanyika akipigwa na vile vitu. Mimi nakuuliza asubuhi yake. Sisi tulipotokea ubavuni, nyie mlikuwa mnakuja kwa mbele. Nilikuona." Akajirekebisha. "Niliwaona. Mlikuwa mnakuja."

Mzee wetu akamuuliza walikuwa umbali gani. Wakaanza kuchora mchangani kwa ncha ya fimbo: barabara, kinamasi, mlima mdogo. Sikukaa kusikiliza zaidi, maana niliona hawanihitaji, na kule mti wa tiba kulikuwa na mama mmoja, muuguzi wa wakati ule, aliyekuwa anamtafuta dereva wa gari la wagonjwa wa kikosi chake.

Mchana ule wajukuu walizunguka na daftari, mti kwa mti. Jina, namba ya jeshi, brigedi, kombania, wilaya anayoishi, simu yake au ya mtoto wake. Na safu moja ya mwisho ambayo niliiona ina thamani kuliko zote: mwenzako unayemtafuta. Wengine walitaja walio hai. Wengine walitaja waliokufa, wakitaka kujua amezikwa wapi.

Jioni kwenye mengineyo nilisimama na hoja mbili. Ya kwanza, mkutano ujao utenge nusu siku ya kukaa kwa vikosi, iwemo kwenye ratiba iliyochapwa. Ya pili, matawi yaruhusiwe kuandikisha mgambo waliopigana, kwa ushahidi wa wenzao wawili wa brigedi. Ya kwanza ilipita kwa makofi. Ya pili imepelekwa kamati ya katiba, na mimi nitaifuatilia huko mpaka ipate jibu.

Tulibaki kwa ajili ya Siku ya Mashujaa, Julai 25. Kuwashwa kwa mwenge saa sita usiku nilikataa wasiende, kwa baridi ile, na walininunia. Asubuhi tuliwahi. Rais huweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi sime, mabalozi shada la maua, meya upinde na mishale, na wastaafu huweka shoka. Wazee wetu waliliangalia lile shoka kama lao, na ni lao. Mizinga ilipolia, wale viziwi ndio waliotabasamu: hiyo waliisikia. Baragumu lilipopigwa walitaka wote kusimama. Nilikuwa nimewapanga kila mmoja nyuma ya kiti cha mwenzake ili apate pa kushika, na wajukuu nyuma yao. Walisimama mpaka mwisho, hakuna aliyeyumba.

Kurudi kulikuwa kwepesi. Wote walifika salama, nikawapima tena siku iliyofuata.

Daftari sasa limenakiliwa. Wajukuu wamefungua makundi ya wasap kwa brigedi, wanawasomea babu zao ujumbe na kuwarekodia sauti za majibu. Yule wa 208 na yule wa Kamachumu huongea Ijumaa, baada ya swala ya mmoja na kabla ya mwingine kwenda kwaya ya jumuiya.

Kazi iliyobaki mezani kwangu imetokana na ile safu ya mwisho. Wazee wa mikoa mingine wameomba kuja kwenye makaburi ya mashujaa pale Kaboya, hapa wilayani Muleba, ambako wenzao wamelala, na tawi letu limekubali kuwapokea. Malazi tumepata kwenye nyumba za wanachama, na gari la kutoka stendi lipo. Kwa anayetaka kumleta mzee wake, atutumie mapema jina la marehemu na brigedi yake, pamoja na namba ya jeshi kama inakumbukwa, ili twende sisi kwanza tukalitafute kaburi kabla mzee hajapanda basi. Na atuandikie dawa anazotumia.