Albamu Yetu Ilipanda Basi

Albamu yetu ya kwanza ilitoka usiku wa kuamkia Ijumaa, saa sita kamili, mimi nikiwa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya, nimekaa kitandani na simu mkononi. Nyimbo 9, dakika 38, miaka miwili ya kujinyima. Dramu tulizirekodi Tororo, kwenye chumba tulichokizungushia magodoro ukutani. Magitaa na sauti tulirekodi nyumbani kwa mwimbaji wetu, usiku wa manane, majirani wakishazima redio zao. Saa sita na dakika tano jalada likatokea Spotify. Nikalitazama mpaka macho yakauma. Kulipopambazuka, wimbo wa kwanza ulikuwa umesikilizwa mara 43.

Sisi ni bendi ya roki, tunaimba Kiswahili, na hatuna kampuni nyuma yetu. Kila kitu tumelipa wenyewe. Tulifanya yote ambayo bendi huru hushauriwa kufanya: tukachagua Ijumaa, kwa kuwa tangu Julai 2015 ndiyo siku ya kutoa muziki dunia nzima, na tukawapelekea wahariri wa Spotify wimbo mmoja mapema, maana wanautaka angalau siku 7 kabla. Lakini tangu 2024 wimbo usiofikisha kusikilizwa mara 1,000 ndani ya miezi 12 haulipwi hata senti. Na Facebook, ambako mama zetu na wajomba zetu wangetutangazia kwa mapenzi tu, ilifungwa Uganda Januari 2021. Anayeitaka huzunguka kwa VPN. Alfajiri ile nikaona kwamba albamu hii itabidi ibebwe. Nikatia flashi 60 kwenye begi, nikachukua gitaa langu la besi, nikaenda stendi.

Kondakta alitaka besi iende chini kwenye buti. Nilikataa, nikaipakata. Kando yangu alikaa mama mmoja mfanyabiashara wa mitumba, na tulipopita Bugiri aliniuliza kwa Kiswahili cha mpakani, "Mwanangu, unasikiliza nini hivyo, umefumba macho?" Nikampa spika moja ya sikioni. Akasikiliza wimbo mzima bila kusema neno, mkono wake ukiwa juu ya begi lake.

"Huyu anaimba au analia?"

"Anaimba, mama."

"Mwache aimbe. Lakini mimi sina hiyo intaneti ya kila siku. Redio yangu ya dukani ina tundu la flashi."

Akanunua. Alikuwa mteja wetu wa kwanza wa kushika mkononi, naye alinifundisha jambo ambalo nilipaswa kulijua, mimi niliyekulia sokoni: watu wetu wengi husikiliza muziki kwenye redio yenye tundu la flashi na kwenye kadi ya simu, wala hawahitaji bando.

Tulivuka Nile kwa daraja jipya la Jinja, lile lililofunguliwa 2018, lenye nyaya zinazoning'inia kama nyuzi za kinubi. Wimbo wetu wa tatu ulitungwa hapo, mpiga dramu wetu akiwa amesimama ukingoni akiyatazama maji yanavyoliacha ziwa. Nikauweka wakati tunavuka. Daraja lina mita 525 tu na basi lilikuwa na haraka, kwa hiyo tulifika ng'ambo kabla mwimbaji hajamaliza ubeti wa kwanza. Msitu wa Mabira nikaupita nimesinzia, nikaamshwa na harufu ya kuku na gonja, zile ndizi za kuchoma, huko Namawojjolo.

Kampala nilianzia Nasser Road, kwa wachapaji. Nilipenda sana mtaa ule. Kuna harufu ya wino na karatasi iliyokatwa sasa hivi, na kila mlango mashine inaunguruma. Kijana aliyetuchapia mabango aliyainua moja moja kwenye mwanga, akairudia rangi ya bluu mara mbili kwa sababu haikumridhisha, wala hakuongeza bei. Siku hiyohiyo nilikwenda kituo kimoja cha redio, na mtangazaji, kabla hajasikiliza hata sekunde moja, akanitajia kiasi cha kulipa ili wimbo upigwe. Niliondoka koo limekauka. Nikifikiria usiku wote tuliokesha Tororo, yale maneno bado yananiuma. Kituo kingine kilitupokea bila kudai kitu, kikatupa dakika 12 jioni, na mtangazaji wake, dada mmoja mpole, akasoma mashairi yetu hewani kabla ya kuupiga wimbo.

Wenzangu walifika Jumamosi na vyombo, tukapiga kwenye ua wa mkahawa mmoja. Walikuja watu kama 70. Nilikuwa na wasiwasi na lugha. Ni kweli baraza la mawaziri liliamua Julai 2022 Kiswahili kifundishwe kwa lazima shuleni, lakini kwa wazee wengi wa Kampala Kiswahili ni lugha waliyoizoea kuisikia kwa askari. Tulipomaliza, mzee mmoja mwenye kanzu na koti alinijia, akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Ssebo, mimi Kiswahili nilikisikia kwenye kizuizi cha barabara. Toka nje, lala chini, lete pesa. Leo ndiyo mara ya kwanza nasikia mtu ananiambia kwa Kiswahili kwamba amenikumbuka."

Huo ni ubeti wa wimbo wetu wa sita. Nilishindwa kumjibu. Nikamsindikiza mpaka kwenye boda, nikamtilia flashi mfukoni, akanirudishia na noti ya elfu kumi juu yake, akasema kazi hailiwi bure. Ilibidi nimbembeleze achukue vyote viwili.

Jumatatu nikapanda basi la Kasese, magharibi mwa Uganda, peke yangu. Kayabwe tulivuka ikweta, na baada ya Mbarara na Ishaka tukashuka bondeni, daraja la Katunguru, viboko kwenye mfereji wa Kazinga, halafu Kikorongo ikweta tena. Nilichagua Kasese kwa sababu ya Kiswahili. Mpaka wa Mpondwe uko karibu, Wakongo wanaingia na kutoka sokoni, na Kiswahili ndicho wanachouziana.

Hapo nikamtafuta kijana mwenye kibanda cha kuweka nyimbo kwenye simu. Bendini tulibishana sana juu ya vibanda hivi. Mwimbaji wetu anaviona wizi, na sheria ya haki miliki ya 2006 iko upande wake. Mimi nilimwambia kwenye simu usiku ule: albamu ni yetu, haki ni zetu, basi ruhusa ya kuitoa pia ni yetu. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Mpe, lakini majina yetu yakae kwenye kila faili."

Kijana wa kibanda alichomeka flashi, akasikiliza wimbo wa kwanza na wa pili, akatingisha kichwa taratibu. Kwenye kompyuta yake kulikuwa na mafolda: Lingala, Bongo, Injili, Kadongo kamu, Rege.

"Kaka, hii naiweka wapi? Si Bongo hii. Si Lingala."

"Ni roki."

"Nikiandika roki hakuna atakayeuliza. Watu huku wanataka wajue watasikia nini."

Alifikiri, kisha akafungua folda mpya na kuandika KISWAHILI GITAA KUBWA. Faili zote 9 zikaingia, jina la bendi kwenye kila moja. Tulikuwa bado tunazungumza alipofika dereva wa lori, anaelekea Mpondwe, akatoa kadi ya simu na noti ya elfu moja, akataka nyimbo za njiani. Kijana akamwekea Lingala 20. Halafu akanitazama, akarudi kwenye ile folda mpya, akaburuta zote 9.

"Hizo ni za nini?" dereva akauliza.

"Za mlimani, mzee. Ukianza kupanda."